Familia Mia na Kumi na Nane za Mlango 304

Jumamosi, tarehe 13 Aprili 2024. Jua lilikuwepo, lakini upepo ulivuma tangu alfajiri na kuangusha mapipa mawili ya takataka kwenye maegesho. Saa nne asubuhi Adela alikuwa ameshaweka fomu juu ya meza ya kulia na kuibana kwa chupa ya mafuta ya alizeti, kwa sababu dirisha la jikoni kwake halifungi vizuri na msimamizi wa majengo ameshaahidi mara sita kulitengeneza.

Fomu ilitaka majina ya watu wanaovuka Barabara ya Saba kwa miguu mbele ya majengo yetu, na mara ngapi kila mmoja alivuka katika siku saba zilizopita. Wakipatikana wa kutosha, idara ya barabara itafikiria kuweka taa ya kuvukia. Adela aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akasema angalau safari hii wamekuwa wakweli: wamesema watafikiria.

Adela ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa Muleba, mkoa wa Kagera, akaja Marekani mwaka 1996 na mumewe Respicius, na tangu mwaka uliofuata wanaishi katika nyumba ileile ya vyumba viwili, mlango 304, upande huu wa Falls Church ambako majengo ya matofali mekundu yamepangwa kama masanduku ya soda. Mtoto wao Ethan amekua, amehamia Carolina Kaskazini, na hupiga simu Jumapili. Respicius ni mwegesha magari katika hoteli moja ya Alexandria. Kwa siku moja hukaa nyuma ya usukani wa magari hamsini, na jioni hurudi nyumbani kwa basi, kwa kuwa yeye mwenyewe hana gari. Adela alikuwa mhudumu wa wazee katika nyumba ya kulelea iliyo vituo tisa vya basi kutoka kwao. Basi la kwenda huko husimama ng'ambo ya barabara. Barabara ina njia sita, na taa ya karibu zaidi iko mita mia tisa kupanda mlima.

Novemba 2019, saa kumi na moja na nusu jioni, gari lilimgonga Adela katika njia ya tano kati ya zile sita. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ulipona, na daktari alimwambia anaweza kutembea popote kwa fimbo mradi asikimbie. Lakini Barabara ya Saba huvukwa kwa kukimbia. Tangu siku hiyo Adela hakuivuka tena. Msimamizi wa nyumba ya wazee alimpigia simu mara moja kila baada ya miezi michache, kumwambia nafasi yake ya mchana ipo, na Adela alimjibu kwamba yeye pia yupo, ila kuna barabara katikati.

Ndiyo maana tuliomba taa. Mwaka uliofuata ajali, mbunge wetu wa wakati huo, wa bunge la jimbo la Virginia, aliandika ombi kwa idara ya barabara. Ofisi yake ikatuambia kwamba wahandisi watakuja kupima. Kisha, Septemba 2021, kukatolewa rasimu ya ramani.

Kila baada ya miaka kumi watu wakishahesabiwa, mipaka ya maeneo ya uchaguzi wa bunge la jimbo huchorwa upya. Mwaka ule kulikuwa na tume. Rasimu moja ilipitisha mstari wake katikati kabisa ya Barabara ya Saba, juu ya ile michirizi ya njano. Majengo yetu yaliangukia eneo moja na kituo cha basi kikaangukia jingine. Respicius alipiga simu ofisi ya mbunge. Aliambiwa kwa upole kwamba barabara ikiwa mpaka, ombi la taa litabidi liwe la wabunge wawili, na kwa kuwa wa pili bado hajulikani, wahandisi watasubiri.

"Sawa," Adela alisema alipoelezwa. "Mbunge mmoja anivushe mpaka katikati, halafu nisimame pale nimsubiri mwenzake."

Tume ilipokea maoni ya wananchi. Sheria yake ilisema kwamba jumuiya yenye mambo ya pamoja isigawanywe ikiwa inawezekana. Aliyesoma sheria hiyo ni Awino, muuguzi, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana kiitwacho Tushikane. Awino ni Mkenya wa Siaya, mwanamke ambaye akiingia chumbani watu hukaa sawa kwenye viti vyao. Alituita katika chumba cha chini cha kanisa, akaweka rasimu ukutani kwa gundi ya karatasi.

"Wanasema jumuiya isikatwe," alisema. "Sasa sisi ni nini kama si jumuiya? Kuna mtu anataka kukataa?"

Hakuna aliyekataa.

"Lakini wanataka kuona. Wazungu hawaamini maneno, wanaamini madoadoa kwenye ramani. Kipchumba, unaweza kututengenezea?"

Kipchumba ni kijana wa kompyuta kutoka Eldoret. Alisema akipewa orodha ya wanachama pamoja na anwani zao, atatumia saa moja. Orodha ya Tushikane ilikuwa na familia mia na sabini na moja: Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Mrundi mmoja aliyejiunga kwa sababu ya mke. Naitunza mimi, katibu wa chama, na nilimpa siku hiyohiyo.

Ramani ilirudi baada ya siku mbili, na ilipendeza. Badala ya madoa yaliyotawanyika kama tulivyotarajia, kulikuwa na duara kubwa jekundu lililokaa juu ya majengo yetu na kufunika barabara nzima na sehemu ya duka la vyakula la ng'ambo. Pembeni kulikuwa na vidoa vichache.

"Mbona duara kubwa hivi?" Respicius aliuliza.

"Mahali kwenye watu wengi, duara inakua, Mzee," Kipchumba alisema. "Ndivyo software inafanya."

"Kumbe tuko wengi hivi hapa," alisema Awino. "Na tunalalamika ati tumetawanyika."

Tulikubali wote kwamba tuko pamoja kuliko tulivyodhani, na Kipchumba akaituma kwa tume.

Sasa inabidi nieleze habari ya sanduku la barua la mlango 304, ambayo tungepaswa kuifikiria kabla, na hatukuifikiria.

Mgeni akifika hapa, kitu cha kwanza anachoulizwa ni anwani. Benki inauliza, leseni inauliza, ofisi ya uhamiaji inauliza, na yeye amelala kwenye kochi la mtu bila kujua atakuwa hapo hadi lini. Tangu miaka ya tisini jibu letu limekuwa moja: weka ya Adela. Mtu huandika 304, hupata kadi zake, hupata kazi, halafu kodi hupanda naye huhamia Woodbridge, au Manassas, au Laurel kule Maryland. Anahama yeye, anwani haihami. Wakati fulani binti mmoja aitwaye Vumilia alijifanya mjuzi akabadilisha anwani yake kuwa ya nyumba mpya, na kibali chake cha kazi kikapotea katika sanduku la barua lisilo na kufuli. Alikaa miezi minane bila kazi. Baada ya hapo hakuna aliyebadilisha tena. Waliokuwa wamehama waliziacha anwani za benki na simu zao zikae 304 kama kuku aliyeachwa kwa jirani mwaminifu.

Adela alizipanga barua katika maboksi ya viatu tisa, juu ya kabati la sebuleni. Hakuzipanga kwa majina ya kwenye bahasha, kwa sababu hayo huyajua mwenye kuyaandika tu. Alizipanga kwa jinsi anavyowajua watu: wa Moshi, wa kwaya, wa Sebastian, wauguzi, mapacha, wasioshukuru. Kila Jumamosi watu walikuja kuchukua. Walikuta ndizi na maharage jikoni, wakakaa, wakasikia nani amezaa na nani amefukuzwa kazi, wakaenda.

Nilipokuwa nikiandikisha wanachama, kila mmoja alinipa anwani aliyokuwa nayo, ile inayofika barua. Familia mia na kumi na nane zilinipa 304. Niliandika namba hiyo mara mia na kumi na nane, katika muda wa miaka kumi na tisa, kwa kalamu tofauti na katika kurasa tofauti, na mkono haukusita hata mara moja. Kila mwanachama alijua kwamba yeye haishi 304. Habari za wenzake hakuzijua. Adela ndiye pekee aliyewajua wote, na siku ya ramani miwani yake ilikuwa imebaki nyumbani.

Kikao cha kusikiliza maoni kilifanyika katika ukumbi mmoja Annandale, mwezi Oktoba. Awino alitupeleka kwa gari lake. Kila msemaji alikuwa na dakika tatu, na mbele ya kipaza sauti kulikuwa na taa ya kijani, ya njano na nyekundu. Adela alisema angependa kujua waliitoa wapi na ilichukua muda gani.

Kabla yetu walizungumza wenye nyumba wa mtaa mmoja wenye ziwa. Msemaji wao alieleza kwamba wao ni jumuiya kwa sababu wanatumia bwawa moja la kuogelea na wana jarida la kila mwezi. Wajumbe wa tume waliandika. Hakuna aliyeuliza mtu yeyote analala wapi.

Kisha Adela akaitwa. Awino ndiye aliyemchagua aseme, kwa sababu ya fimbo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha buluu na koti la msimu wa baridi juu yake, na alisema vizuri. Alisema juu ya barabara, mguu, kituo cha basi na kazi inayomngoja. Alisema watu wake wako pande zote mbili za barabara na hawana habari na michirizi ya njano. Ramani yetu ilikuwa ikionekana kwenye kioo kikubwa nyuma yake. Taa ilikuwa bado ya kijani wakati mjumbe mmoja, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alipoinama kwenye kompyuta yake.

"Samahani, mama," alisema. "Nimebonyeza duara lenu hapa. Linaniambia kuna familia mia na kumi na nane. Jengo hili lina nyumba ngapi?"

"Ishirini na nne," Adela alisema.

"Na hizi mia na kumi na nane zote zina namba moja. 304."

"Hapo ni kwangu."

Mjumbe alivua miwani, ikaning'inia.

"Wanaishi kwako?"

"Hapana. Kwangu tunaishi mimi na mume wangu. Wao barua zao ndizo zinaishi kwangu."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mjumbe naye alitabasamu. "Sasa wao wenyewe wanaishi wapi?"

Adela, ambaye hajawahi kuulizwa swali na kujibu nusu, alianza kumjibu. Alianza na boksi la kwanza. Wa Moshi wako Woodbridge, isipokuwa watatu. Wa kwaya wamegawanyika, sauti ya tatu karibu yote imehamia Maryland. Sebastian yuko Manassas na ndugu zake wanne. Mapacha, mmoja yuko Texas, na hapo ndipo walipoachana. Mzee Mwaura alifariki mwaka 2014, lakini kampuni ya bima bado inamwandikia kila mwezi, na barua zake anazo, kama kuna mtu wa familia anasikiliza. Taa ikawa ya njano katikati ya wauguzi. Ikawa nyekundu kabla hajafika kwa wasioshukuru.

"Dakika zako zimekwisha," alisema mwenyekiti wa tume.

"Nami nimebakiza maboksi mawili tu," Adela alisema, akarudi kukaa.

Kwenye gari tulipita taa mbili. Halafu Awino akasema, "Mama Ethan, si ungesema tu wako karibu?"

"Aliniuliza wapi. Hakuniuliza kama ni karibu."

"Ulikuwa unasoma orodha kama siku ya hukumu. Hadi marehemu Mwaura."

"Ni mwanachama."

"Ni marehemu!"

"Chama ni cha kuzikana, Awino. Tukianza kuwatoa marehemu, tutabaki na nani?"

Awino alimgeukia Kipchumba aliyekuwa kiti cha nyuma. "Na wewe, computer yako haikuona?"

"Iliona, Auntie. Ndiyo maana duara ilikuwa kubwa. Si mlisema ni poa?"

Respicius alisema kwamba mahali anapofanya kazi, mteja akisahau aliegesha gari wapi, huwa hasemi gari limepotea, husema mwegeshaji amelipoteza.

Ramani za maoni ya wananchi zilikuwa wazi kwa kila mtu, na baada ya wiki tatu msimamizi wa majengo, ambaye kwa dirisha alikuwa hajapata nafasi tangu mwezi wa pili, alibisha hodi 304 akiwa na mtu wa kukagua. Walitaka kuhakikisha idadi ya wakazi. Walihesabu kitanda kimoja kikubwa, kitanda kimoja cha mgeni, na maboksi tisa ya viatu. Adela aliwapa chai. Aliwaonyesha pia dirisha, na mkaguzi aliliandika, na msimamizi alisema atalitengeneza.

Tukangoja tume. Tume yenyewe haikukubaliana. Nusu walitaka hivi, nusu walitaka vile, na mwisho kazi ikaenda mahakamani, na mahakama ikaweka wataalamu wake wawili wachore wanavyoona. Siku chache kabla ya mwaka mpya ramani ilithibitishwa. Kipchumba alitutumia picha kwenye simu. Mstari ulikuwa umeondoka Barabara ya Saba. Ulikuwa umesogea mbali, ukifuata kijito kimoja nyuma ya viwanja vya mpira, na pande zote mbili za barabara, majengo, kituo cha basi, duka la vyakula, kanisa, vyote vilikuwa ndani ya eneo moja. Tulikuwa pamoja. Sidhani kama wale wataalamu waliwahi kulisikia jina la Adela. Lakini Awino aliagiza keki, na juu yake ikaandikwa jina la chama.

"Tumeshinda?" Adela aliuliza akiwa na kisu mkononi.

"Tumeshinda."

"Basi nawasubiri wahandisi."

Hawakuja. Ofisi ya mbunge ilisema kwamba kwa kuwa eneo linabadilika, si busara kuanza kupima sasa. Uchaguzi wa ramani mpya ukiisha, atakayekuja ataendeleza. Uchaguzi ulikuwa Novemba 2023. Aliyekuja aliapishwa Januari. Februari, Respicius alipiga simu. Msaidizi wa mbunge mpya, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alitafuta ombi letu na kulipata. Alisema ni ombi zuri. Tatizo lake ni kwamba liliandikwa kwa eneo la zamani, ambalo kwa sasa halipo, na kwa hiyo ingekuwa vyema tuanze upya. Angetuma fomu.

Fomu ilipofika, Adela aliisoma kwanza yeye, kwa miwani. Akamwita mumewe.

"Baba Ethan, njoo uone. Hawaulizi mtu anaishi wapi."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza nani anavuka."

Hilo lilikuwa jambo tofauti kabisa. Maegesho ya majengo yetu ni ya wakazi wenye kibandiko. Gari la mgeni huburutwa ndani ya nusu saa, na kulikomboa ni maumivu ya mwezi mzima. Kwa hiyo kila anayekuja Jumamosi kuchukua barua huegesha kwenye duka la vyakula la ng'ambo na kuvuka kwa miguu, au hushuka basi ng'ambo na kuvuka kwa miguu. Familia zile mia na kumi na nane, zilizotutia aibu kwa kutokuishi 304, zilikuwa zimeivuka Barabara ya Saba kwenda na kurudi kutoka 304 kwa miaka mingi. Awino aliposikia alikaa chini kwanza, jambo ambalo nimeliandika kwa kuwa ni nadra.

"Lakini mara hii ukweli mtupu," alisema. "Kila mtu aseme mara alizovuka kwa miguu yake, na anwani aandike ya pale anapolala. Nikiona 304 nyingine nachana karatasi."

Hivyo ndivyo ilivyokuja Jumamosi ya upepo. Kufikia saa tisa mchana walikuwa wameshapita watu hamsini na watatu. Respicius ndiye aliyeshika kalamu, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, na aliwahoji kama askari wa mpakani. Sebastian, fundi wa mabomba kutoka Bukavu, alisema, "Papa, mimi niko navuka mara mbili, ya kuja na ya kurudi."

"Ya kurudi bado hujavuka."

"Sasa nitalala hapa?"

"Usilale hapa," Awino alisema kutoka jikoni. "Mwandikie mbili."

Jepkosgei, mmoja wa wauguzi, alisema alivuka mara sita wiki hiyo kwa sababu alisahau pochi, kisha akasahau mtoto wa dada yake. Vumilia alivuka mara mbili na aliandika anwani ya kwake kwa herufi kubwa, huku akiangalia boksi lake lililoko juu ya kabati. Respicius mwenyewe alijiandikia kumi na mbili, siku sita za kazi. Jumla ilipita mia na thelathini. Awino alikuwa akitabasamu. Alisema Jumatatu asubuhi ataipeleka kwa mkono.

Adela alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mguu juu ya kigoda, akichambua barua za kwaya.

"Na mimi?" aliuliza.

Respicius aliinua kalamu. "Umevuka mara ngapi?"

"Unajua nimevuka mara ngapi."

"Basi sina cha kuandika, Mama Ethan."

"Andika jina."

"Fomu inataka jina na idadi. Nikiweka jina na sifuri wataona tunajaza karatasi."

"Awino," Adela alisema, bila kupandisha sauti. "Hii taa inaombwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, dada. Kila mtu anajua."

"Na mimi simo."

Awino alikuja kutoka jikoni akifuta mikono. "Wanauliza wanaovuka."

"Wanaovuka wanavuka. Sebastian anakimbia kama swala, yeye taa ya nini? Wanataka kuhesabu watu wasioihitaji, na wakiwa wengi ndiyo watawawekea. Asiyeweza kuvuka wanamwona hana haja ya kuvuka."

Sebastian alisema kweli yeye hukimbia. Jepkosgei alisema tunaweza kuandika barua ya kuelezea na kuiambatanisha. Respicius alisema ofisi itaisoma barua kama ilivyosoma ombi la kwanza. Kisha Awino akasema, polepole, kwamba si lazima jina la Adela liwemo. Mia na thelathini zinatosha. Muhimu ni taa. Adela alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hizo siku saba zinaishia lini?" aliuliza.

Respicius alitazama fomu. "Siku ya kuiwasilisha. Jumatatu."

"Kwa hiyo kesho imo."

"Imo."

Adela alimpa Sebastian barua zake, akamwambia moja ni ya kodi na asiitupe kama ile ya mwaka jana. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakavuka.

Jumapili asubuhi upepo ulikuwa umetulia na mbingu ilikuwa nyeupe. Saa moja na nusu Adela alitoka mlango 304 akiwa amevaa viatu vyeusi vya kazini, vyenye soli ya mpira, ambavyo vilikuwa chini ya kitanda tangu 2019. Respicius alimfuata akiwa na kizibao cha kung'aa cha hotelini na ile fimbo ya taa ya rangi ya machungwa anayoelekezea magari. Walifika ukingoni. Magari ya Jumapili ni machache, lakini yale machache yanajua kwamba ni machache. Walingoja kama dakika nne. Kisha Respicius akaingia barabarani, akanyoosha fimbo yake kama anavyofanya kila siku mbele ya hoteli, na lori moja dogo la mkate likasimama, labda kwa mshangao. Adela akashuka kwenye lami. Hakukimbia. Alivuka njia tatu, akasimama katikati juu ya michirizi ya njano na kupumua. Mumewe akanyoosha fimbo tena. Gari moja jeupe lilipiga honi ndefu na kupita mbele yao. La pili likasimama. Akamaliza zile tatu.

Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi, fimbo kati ya magoti. Respicius alitoa fomu iliyokunjwa mara nne mfukoni na kalamu. Wakati anaikunjua juu ya goti, basi lilionekana kwenye mteremko, na Adela akainuka na kulinyooshea mkono.

"Unakwenda wapi?" Respicius aliuliza.

"Kazini. Kuangalia tu kama nafasi bado ipo."

"Leo Jumapili."

"Wazee hawana Jumapili."

Mlango ulifunguka. Adela alipanda ngazi ya kwanza, kisha ya pili, akashika bomba, akamgeukia mumewe.

"Andika moja," alisema. "Ile ya kurudi bado sijavuka."

Akatafuta kiti cha upande wa dirisha, akakaa.